Kutua kwa tumbo na turbopropu ndogo: injini zizimwe lini?

Swali: "Mwalimu, nimetoka kwenye Caravan, ambayo magurudumu yake hayakunjwi, na sasa naanza kurusha King Air B200, turbopropu ya injini mbili (propela zake huzungushwa na turbini) yenye magurudumu ya kukunjwa. Wenzangu wananiambia magurudumu yakigoma kushuka, nizime injini zote mbili nikifika futi 200 ili niokoe propela na injini. Wengine wanasema nitafute majani badala ya lami, na niombe povu limwagwe. Nishike lipi? Na kabla ya kufika huko, nifanye nini nikiwa bado hewani?"

Jibu: Nianze na hilo la futi 200, kwa sababu ndilo linaloweza kuua. Usizime. Injini zinazofanya kazi ndizo zinazokuruhusu kughairi na kupaa tena, na rubani anayetua bila magurudumu ana sababu nyingi za kughairi kuliko siku nyingine yoyote.

Piga hesabu uone. Kwenye mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, futi 200 ni kama mita 61 juu ya ardhi, na mahali unapolenga kugusa pako mbele yako karibu mita 1,160. Kwa mwendo wa noti 100 (noti ni maili ya baharini kwa saa) hizo ni sekunde 22 au 23 bila nguvu yoyote ya kuongeza. Upepo wa mbele ukilegea ghafla, huna la kufanya. Na ndege yenyewe haitakuwa ile uliyoizoea. Kwenye PT6, injini ya King Air, pembe ya mapanga ya propela hushikiliwa na shinikizo la oili ya injini. Ukiondoa shinikizo hilo, springi na vizani huyazungusha mapanga hadi makali yake yatazame upepo. Tuite huko kulala. Kabla hayajalala, kila propela ni kama sahani kubwa inayokinga hewa, na ndege inazama. Yakishalala, ukinzani ule unatoweka na ndege inaelea kupita pale ulipopalenga. Ndani ya sekunde chache umepata ndege mbili tofauti, na hukuwahi kufanya mazoezi ya kutua na hata mojawapo. Tena propela ya kushoto na ya kulia hazilali kwa wakati mmoja kamili. Pengo dogo tu linaivuta pua upande mmoja, nawe huna kimo cha kuirekebisha.

Hata hiyo propela yenyewe huiokoi. Ndani ya PT6 hakuna shafti inayounganisha kompresa na propela: gesi moto kutoka upande wa kompresa ndiyo inayosukuma turbini ya propela, basi. Kwa hiyo ujanja wa marubani wa injini za pistoni, kugusa stata ili panga likae mlalo, hapa haupo, maana stata inazungusha kompresa peke yake. Ukishakata mafuta, propela huendelea kuzunguka yenyewe kwa muda kabla ya kutulia. Na ikiwa na mapanga 3 au 4, hata ikisimama kabisa lazima panga mojawapo liwe limeelekea chini. Litagonga tu.

Faida ya kweli ya kukata mafuta iko kwingine: mafuta hayaendelei kutiririka kwenye injini wakati chuma kinasagika, na mapanga hayaitafuni lami kwa nguvu ya injini. Faida hiyo unaipata yote ukikata ukiwa tayari juu ya lami. Kwenye injini za Garrett TPE331, kama zile za ndege ya Mitsubishi MU-2, shafti ni moja kutoka propela hadi kompresa, hivyo kishindo cha panga kugonga kinaingia hadi ndani kabisa. Fundi atakuwa na kazi kubwa zaidi, lakini wakati wa kuzima haubadiliki. Tangu magurudumu yalipogoma, ndege imekuwa mali ya bima. Watu walio ndani ndio wako.

Kwa hiyo wakati sahihi ni huu: umevuka mwanzo wa njia ya kurukia, mikono ya nguvu (ile mipini ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini) imerudi nyuma hadi mwisho wa kawaida (si kwenye nguvu ya kurudi nyuma, kamwe), pua imeinuliwa kidogo, tumbo liko mita 1 au 2 juu ya lami, na una hakika kwamba hata injini zikizimika sasa hivi utagusa hapo hapo. Mkiwa marubani wawili, anayerusha ndege anasema "kata", mwenzake anavuta mikono ya mafuta hadi kwenye kukata na kuyalaza mapanga. Ukiwa peke yako, ushauri wangu ni tofauti na wa wengi: acha mikono hiyo mpaka tumbo lianze kukwaruza, ndipo ukate. Mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unapapasa mikono sita katikati ya paneli, tena ndege ikiwa mita 2 juu ya lami, ni njia rahisi sana ya kuiangusha. Baada ya kukata mafuta, funga vali za mafuta za ukuta wa moto. Umeme uzime mwishoni, ndege ikikaribia kusimama na redio ikiwa haina kazi tena.

Na tumbo au propela ikishagusa, umetua. Usipae tena kwa hali yoyote. Karachi, tarehe 22 Mei 2020, Airbus A320 iliburuza injini zake kwenye njia ya kurukia bila magurudumu, ikapaa tena, kisha injini zote mbili zikafa. Watu 97 kati ya 99 waliokuwa ndani walikufa. Ile ni ndege kubwa ya jeti, lakini injini iliyosagwa chini haichagui ukubwa wa ndege, na propela iliyopinda ni mbaya zaidi, kwa sababu mtikisiko wake unaweza kuing'oa injini mahali pake.

Sasa turudi hewani, kwa sababu dharura nyingi za magurudumu zinatatuliwa huko, na tumbo haliguswi kamwe.

Umeshusha mkono wa magurudumu, taa za kijani zimewaka mbili badala ya tatu, au taa nyekundu kwenye mkono haizimi. Kwanza paa, nenda kwenye kimo salama nje ya msongamano, washa otopailoti, kisha ndipo ushike kitabu. Hakuna kinachoungua. Una mafuta, kwa hiyo una muda, na muda ndio kifaa bora ulicho nacho siku hiyo. Hakikisha mwendo uko chini ya kikomo: kwenye B200 ni noti 181 kushusha na kuruka yakiwa chini, noti 163 kukunja. Kisha bonyeza kitufe cha kupima taa. Balbu iliyokufa inaonekana sawasawa na mguu uliogoma, na huwezi kuzitofautisha mpaka upime.

Baada ya hapo, angalia sakiti breka, vile vitufe vinavyoruka nje na kukata umeme kukiwa na hitilafu. Hili nalisisitiza kwa sababu ya Warsaw, tarehe 1 Novemba 2011. Boeing 767 yenye watu 231 ilipoteza mfumo mmoja wa haidroliki, na ilipojaribu njia ya akiba magurudumu hayakushuka; ikatua kwa tumbo, hakuna aliyeumia. Ndege ilipoinuliwa na ile sakiti breka moja iliyokuwa imeruka ikarudishwa ndani, magurudumu yalishuka kwa njia ile ile ya akiba. Sakiti breka moja, ukubwa wa kifungo cha shati. Kwa hiyo pitisha vidole juu ya safu yote. Jicho peke yake halitoshi, hasa zile zilizo chini au nyuma ya bega. Iliyoruka irudishe mara moja, si zaidi, na kama kitabu kinakuruhusu. Ikiruka tena, kuna kitu kinachoungua au kilichogandamana, iache.

Njia ya akiba inategemea ndege. King Air za haidroliki zina pampu ya mkono sakafuni. Za zamani zaidi, za mota na mnyororo, zina mkono wa kuzungusha gia. Piper Meridian huachia shinikizo na magurudumu kuanguka kwa uzito wake. Kwenye King Air ya haidroliki mpangilio ni huu: vuta sakiti breka ya rilei ya magurudumu, weka mkono wa magurudumu chini, kisha toa mpini wa pampu na usukume juu na chini. Watu wengi hushindwa hapa kwa kuacha mapema. Mwanzoni mpini ni mwepesi, unadhani hakuna kinachotokea. Magurudumu yanatoka, halafu mpini unaanza kuwa mgumu. Endelea mpaka taa 3 za kijani ziwake na mpini ukatae kabisa. Ni kazi ya mikupuo mingi, si mitano. Mpini ukibaki mwepesi muda wote, oili ya haidroliki imevuja, na mara nyingi sababu ni bomba au silinda ya mguu mmoja.

Mwendo nao una maana. Gurudumu la pua la King Air hukunjwa kuelekea nyuma, hivyo likishuka linapambana na upepo. Ukipunguza mwendo unalisaidia. Miguu mikuu hukunjwa kuelekea mbele, kwa hiyo upepo wenyewe unaisukuma iende mahali pake. Mguu mkuu ukikwama karibu na kufunga, kuiyumbisha ndege taratibu kwa pedali, au kuongeza uzito kidogo kwa kuvuta usukani, kunaweza kuumalizia. Fanya hivyo ukiwa na kimo cha kutosha na mwendo wa kutosha.

Jambo moja marubani wengi hulikosea: kupandisha na kushusha mara kumi wakitumaini bahati. Kila mzunguko unamwaga oili zaidi na kupinda zaidi kile kilichoanza kupinda. Yakishaonyesha taa 3 za kijani hata mara moja, usiguse chochote, tua. Na ukishatumia pampu ya mkono, usijaribu kukunja tena. Ndege ibaki hivyo mpaka iwekwe kwenye jeki.

Kupita chini mbele ya mnara ili waangalie magurudumu kunasaidia kidogo tu. Aliye mnarani anaweza kukuambia mguu uko nje au ndani. Hawezi kukuambia kama umefunga, na kufunga ndiko unakokuhitaji. Ukipita, usishuke chini ya futi 500, na usikubali sauti ya "naona uko sawa" ifute taa nyekundu iliyo mbele yako.

Sasa, njia zote zimeshindikana. Tangaza Mayday, weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), na mpe muongozaji vitu vinne ambavyo zimamoto watauliza: watu wangapi ndani, mafuta kilo ngapi na dakika ngapi, mizigo ya hatari kama ipo, na milango iko wapi. Wengine huona haya kusema Mayday kwa ndege inayoruka vizuri. Sema. Ndiyo inayowatoa zimamoto kituoni mwao mapema.

Je, uchome mafuta? Ndiyo, kwa kiasi. Turbopropu ndogo hazina vali ya kumwaga mafuta hewani, kwa hiyo unazunguka. King Air B200 inabeba takriban kilo 1,650 za mafuta. Tuseme una uzito wa kilo 5,600 na umechoma kilo 1,000: umebaki na 4,600, mwendo wa kukaribia umeshuka kutoka kama noti 103 hadi 93 au 94, na nishati ambayo lami inapaswa kuimeza imepungua kwa theluthi moja. Hilo linastahili saa kadhaa za kuzunguka, ambazo pia unazitumia kuandaa watu na kuzungumza na fundi kwa redio. Tarehe 13 Mei 2024, King Air B200 iliyokuwa na watu 3 ilifanya hivyo hivyo Newcastle, Australia: ilizunguka kwa saa kadhaa, ikatua kwa tumbo, wote watatu wakatoka wakitembea. Lakini acha mafuta ya dakika 45 ndani. Kama njia ya kurukia imezibwa au umekosea kukaribia, unahitaji kupaa na kurudi tena, na hutaki kuamua hilo taa ya mafuta ikiwa inamulika. Wala usizunguke hadi giza liingie.

Majani au lami? Vitabu kadhaa vya zamani vinataja ardhi ngumu yenye majani, na kitabu cha ndege yako ndicho cha kwanza kusikilizwa. Kikikuachia uamuzi, chagua lami kavu, ndefu, yenye zimamoto, hata kama ni mbali. Majani yanaficha mitaro na udongo laini. Tumbo la ndege likikwama kwenye udongo linaacha kuteleza na kuanza kuchimba, na midomo ya kuvutia hewa chini ya injini za King Air inageuka koleo. Lami haina siri. Cheche zitatoka, ndiyo, lakini Jet A-1 haitoi mvuke wa kuwaka chini ya nyuzi 38 za Selsiasi, tofauti kabisa na petroli ya ndege za pistoni. Zaidi ya yote, gari la zimamoto linafika kwenye lami bila kunasa.

Povu nalo lilikuwa desturi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilipendekeza kumwaga povu tangu 1966, kisha ikaondoa pendekezo hilo mwaka 1987. Sababu zinaeleweka: ni vigumu kugusa hasa pale povu linapoanzia, povu linapunguza msuguano na kurefusha kuteleza, na maji yaliyomwagwa chini ndiyo yale yale ambayo yangehitajika moto ukitokea. Usiombe. Mkuu wa zimamoto akiamua mwenyewe kulimwaga, usibishane naye, ila ujue utateleza mbali zaidi.

Ndani ya kabini kuna mambo matatu ambayo hayasubiri. Kwanza, shinikizo la kabini lifike sifuri kabla ya kukaribia, la sivyo milango inaweza kugoma kufunguka. Pili, sogeza abiria watoke kwenye mstari wa propela. Kwenye King Air propela inazunguka karibu na chumba cha marubani na viti vya mbele. Kipande cha panga kikikatika kinaruka kwenye mstari huo huo, na mapanga ya kompositi hupasuka vipande vipande badala ya kupinda. Waketi nyuma, lakini kwanza hesabu kama kitovu cha uzito bado kiko ndani ya mipaka. Tatu, mlango. Ngazi ya King Air iko kushoto nyuma na imefungwa kwa bawaba za chini, yaani inafunguka kuelekea ardhini. Ndege ikilalia tumbo, ardhi iko juu kuliko kawaida, na ngazi huenda ikagonga lami kabla ya kufunguka yote. Mwonyeshe abiria mmoja mtulivu dirisha la dharura lililo kulia juu ya bawa, na mwache alishike lachi lake kwa mkono wake mwenyewe mkiwa hewani ili alijue. Ndege ya Pilatus PC-12 nayo ina milango miwili ya kujua: mlango wa ngazi kushoto mbele, na wa dharura kulia juu ya bawa. Kalamu, miwani na viatu vya visigino vitoke mwilini, mizigo ifungwe, na mikanda ikazwe mpaka iume.

Wakati wa kukaribia, tegemea kelele. Kwenye King Air honi ya magurudumu ikilia flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa juu au kwenye nafasi ya kukaribia, unaweza kuinyamazisha kwa kitufe; ukizishusha zaidi ya hapo, hainyamazi. Na mfumo wa kuonya ukaribu wa ardhi utakupigia kelele kwamba huna magurudumu, kana kwamba hujui. Tafuta mapema swichi ya kuuzima na sakiti breka ya honi, na uzitumie kama kitabu kinavyosema. Kelele hiyo imewahi kuvuruga hata marubani wazoefu kwenye zile sekunde chache ambazo wanahitaji kusikia upepo na kuhisi ndege.

Flapu: kama kitabu hakikatazi, zishushe kamili ukishahakikisha utaifikia lami. Zitaharibika, ni kweli. Lakini mwendo wa noti 120 una nishati zaidi ya ule wa noti 100 kwa asilimia 44, na hiyo yote ingeishia kwenye sakafu ya ndege.

Bila magurudumu ndege ina ukinzani mdogo, hivyo inashuka polepole kuliko ulivyozoea na inaongeza mwendo ukilegeza tu. Ikikaribia lami, bawa liko chini kuliko linavyokuwa siku zote, na mto wa hewa kati ya bawa na ardhi unaibeba ndege ielee kwa muda mrefu. Macho yako nayo yatakudanganya: umezoea kugusa ukiwa umeketi juu ya miguu ya ndege, na leo utashuka chini zaidi ya hapo. Rubani anaanza kuinua pua mapema, ndege inaelea, mwendo unaisha, na inaanguka kutoka mita 2. Usiinue pua juu sana. Mkia ukigonga kwanza, pua inapigwa chini kwa nguvu. Lenga kugusa karibu usawa, pua ikiwa juu kidogo tu, kasi ya kushuka ikiwa futi 100 hadi 200 kwa dakika, mabawa yakiwa sawa.

Halafu kinachofuata ni kifupi kuliko watu wanavyodhani. Ukigusa kwa noti 90 na msuguano wa tumbo ukawa kati ya 0.3 na 0.4 ya uzito wa ndege, unasimama ndani ya mita 270 hadi 360, yaani sekunde 12 hadi 16. Ni kama gari lililofungwa breki kwa uthabiti, si kwa nguvu zote. Huna breki wala gurudumu la kuongoza, lakini usukani wa mkia bado unafanya kazi mpaka mwendo ushuke sana. Utumie kwa miguu ikiwa imara, na shikilia mabawa sawa kwa eleroni, vibao vya kwenye ncha za mabawa. Baada ya hapo ndege inakwenda inakotaka, ndiyo maana inafaa uchague njia pana yenye upepo wa mbele na upepo mdogo wa ubavuni.

Kama mguu mmoja tu ndio umegoma, mambo ni mengine. Gurudumu la pua likikosekana, tua kwa miguu mikuu miwili na ushikilie pua juu kadiri unavyoweza. Mguu mkuu mmoja ukikosekana, vitabu vingi vinapendelea ukunje yote na utue kwa tumbo, kwa sababu ndege yenye mguu mmoja itageuka kwa nguvu upande ule bawa linapoangukia. Ikiwa huwezi kuikunja, gusa kwenye nusu ya njia iliyo upande wa mguu mzima: mguu wa kushoto ukikosekana, kaa kulia, maana ndege itavutwa kushoto.

Ikisimama, sekunde za kwanza ni za kutoka tu. Umeme zima, sema "tokeni", na waongoze dhidi ya upepo, mbali na propela na mabomba ya mafuta. Usiruhusu mtu arudi kuchukua begi. Usiruhusu pia mtu aivute ndege ili kufungua njia ya kurukia. Wachunguzi wanahitaji kuikuta ilivyo, na kuikokota kunaharibu fremu kuliko kutua kwenyewe. Inainuliwa kwa mifuko ya hewa au kreni, magurudumu yanashushwa na kufungwa pini, ndipo ivutwe. Kutoka kwenye mapanga mchunguzi atasoma mengi: ncha zilizopinda mbele zinaonyesha injini ilikuwa na nguvu, zilizopinda nyuma zinaonyesha haikuwa nayo.

Sasa neno moja ambalo hukuuliza, na linakuhusu wewe hasa unayetoka kwenye Caravan. Kutua kwa tumbo kwingi hakutokani na hitilafu. Rubani amesahau. Kwenye Caravan mikono yako haina tabia ya kushusha chochote, na tabia hiyo inabidi uijenge. Usiitegemee honi: inaanza kulia kutegemea nafasi ya mikono ya nguvu na flapu, na ukikaribia kwa nguvu kubwa kidogo flapu zikiwa juu inaweza kukaa kimya hadi mwisho. Kibaya zaidi, rubani anayezoea kuinyamazisha kila anaposhuka kwa nguvu ndogo, siku moja atainyamazisha pia ile ya kweli. Shusha magurudumu mahali pale pale kila siku, kwa mfano unapoanza kushuka kwenye mteremko wa mwisho, na ukifika futi 500 gusa kila taa kwa kidole ukisema kwa sauti: "moja, mbili, tatu, kijani". Mtu akikukatiza katikati kwa redio, anza upya tangu moja.

Na kabla hujaanza safari na abiria, muombe fundi wako akuite B200 itakapokuwa kwenye jeki kwa ukaguzi. Ketini naye chumba cha marubani, vuta ile sakiti breka, weka mkono wa magurudumu chini, kisha upampu mwenyewe huku ukihesabu kwa sauti mpaka taa 3 ziwake na mpini ugome. Ile namba uliyofikia iandike kwa kalamu kwenye orodha yako ya dharura, pembeni ya hatua ya pampu.